Baa yetu ya kijijini Uingereza inapewa nyota tano na nyota moja wiki ileile. Nimsikilize nani?

"Shikamoo dada. Mimi na mume wangu ni watu wa Moshi, tumeishi Uingereza miaka kumi na minne. Mwaka jana mwezi wa tatu tuliacha kazi za hotelini Birmingham tukachukua baa ya kijiji huko Shropshire. Tumepanga kwa kampuni yenye nyumba, na bia sharti tununue kwao. Ni nyumba ya zamani hasa: boriti za mbao zinagusa kichwa, moto wa kuni, kengele juu ya kaunta. Tulipaka rangi, tukaongeza pampu za bia ya pipa kutoka mbili hadi nne (kwa siku tunauza painti kama 40 za bia hiyo), tukaondoa benchi kuukuu na meza ya domino pale kwenye moto, tukaweka meza mbili za chakula. Kila Ijumaa napika pilau. Mtandaoni tuna maoni 60, wastani nyota 3.9. Wapo wanaosema hawajaona baa nzuri kama hii. Wengine: 'bia ya moto', 'bia imechacha', 'tumesubiri nyama ya Jumapili saa nzima', 'mbwa wamejaa'. Mmoja aliuliza kama chakula kina karanga, akajibiwa 'nadhani hamna'. Mwingine kaandika 'baa imepoteza roho tangu waje hawa wapya'. Hilo linaninyima usingizi, nalisoma saa nane za usiku. Wazee wa kijiji waliokuwa wanakuja kila siku wamepungua, na nikiwauliza wanasema kila kitu kizuri, asante. Mume wangu anataka ndugu zetu wa Leicester na Dar watuandikie nyota tano ishirini. Tufanye hivyo? Niache pilau? Niwajibu hao watu au ninyamaze? Au hawatutaki tu?"

Marahaba, mdogo wangu. Nimeshika baa za vijijini Uingereza kwa miaka kumi na tisa, mbili kati yake kwa jina langu mwenyewe, na tangu nilipoutua mzigo huo kazi yangu ni kuwatembelea wenye baa wapya na kukaa nao jikoni na kaunta. Barua yako nimeisoma mara tatu. Umeuliza mambo mengi, ila naona swali lako ni moja: watu hawa wamekukataa wewe, au wamekataa kitu ulichokifanya? Nitalijibu hilo, lakini nivumilie nianzie kwenye bia, kwa sababu nusu ya jibu imo ndani ya mapipa yako.

Kwanza tuondoe dhana moja. Unasema maoni yanapingana, kana kwamba upande mmoja unasema uongo. Mimi nadhani wote wanasema kweli. Baa ya kijiji ni nyumba tatu ndani ya paa moja. Jumanne usiku ni ya wanakijiji. Jumamosi mchana ni ya watembea kwa miguu wenye buti za matope na mbwa. Jumapili ni ya familia zilizoendesha gari maili kumi na tano kuja kula nyama. Anayelalamikia mbwa na anayekupa tano kwa sababu mbwa wake alipewa bakuli la maji wameketi chumba kimoja, kila mmoja amekuja kutafuta kitu chake. Kwa hiyo usisome nyota kabla hujajua mwandishi alikuja siku gani na kutafuta nini. Chukua daftari, hayo maoni 60 uyagawe kwa siku na kwa aina ya mteja. Nina hakika utaona malalamiko hayajatawanyika kama unavyohisi usiku wa manane. Yatakuwa yamerundikana sehemu mbili tatu.

Halafu ujue nani huwa anaandika. Anaandika aliyefurahi mno na aliyekasirika mno, na karibu wote ni wapita njia. Mzee anayekuja mara nne kwa wiki hawezi kukuandikia maoni, haimjii hata akilini, kama vile usivyoweza kuandika maoni ya nyumba ya shangazi yako. Naye ndiye anayelipa kodi yako mwezi wa kwanza na wa pili, barabara zikiwa na barafu na wageni wa magari wakiwa kwao. Maoni yake anayatoa kwa kutokuja. Umeniambia wamepungua. Hilo limenishtua kuliko nyota zote za mtandaoni.

Na umewauliza, wakasema kila kitu kizuri. Dada, baada ya miaka kumi na minne unawajua Waingereza, lakini uliwajua ukiwa jikoni. Mwingereza wa kijijini ukimwuliza ana kwa ana kama chakula ni kizuri atakujibu kizuri sana hata kama sahani imebaki nusu. Kwake kulalamika mbele yako ni kukuvunjia heshima nyumbani kwako. Usimwulize "vipi, kizuri?" Mwulize swali ambalo jibu lake haliwezi kuwa asante: "Zamani kwenye moto pale alikuwa anakaa nani?" Au "Kama ungekuwa wewe mwenye baa, ungerudisha nini?" Kisha nyamaza, endelea kupangusa glasi. Jibu litakuja taratibu, pengine kesho yake.

Sasa bia. Wewe umetoka kwetu, ambako ukiagiza mhudumu anakuuliza "ya moto au ya baridi?" na hiyo ya moto ni ya joto la chumba. Bia ya pipa ya Kiingereza si hii wala si ile. Inatakiwa ifike kwenye glasi ikiwa na nyuzi joto 11 hadi 13, ubaridi wa chumba cha chini cha mapipa. Ikizidi hapo inakuwa nzito na harufu yake inachafuka, ikipozwa kama lager, ile bia inayonywewa baridi sana, ladha ya shayiri na ya hopsi, maua yanayoipa bia uchungu wake, inajificha. Kwa hiyo aliyeandika "bia ya moto" huenda ni mtu aliyezoea lager, na hapo dawa ni mhudumu kumwambia mapema, kwa upole, na kumwonjesha kidogo kabla hajalipa. Lakini huenda chumba chako cha mapipa kimefika 16 mwezi wa saba na hamkujua. Nunua kipimajoto, kitundike usawa wa mapipa, andika namba asubuhi na jioni. Siku ukiwa na daftari la namba hizo utajua malalamiko yapi ni ya ugeni na yapi ni ya haki.

"Bia imechacha" ni jambo jingine, na hapa kosa ni lenu. Umekunywa mbege tangu ujana wako, kwa hiyo nitakueleza kwa mbege. Bia ya pipa iko hai. Hamira inaendelea kufanya kazi ndani ya pipa hadi chumbani kwako, ndiyo maana pipa linaachwa lipumue kupitia kijiti laini kilichochomekwa juu yake, linaachwa litulie mpaka mashapo yazame, ndipo linafunguliwa. Likishafunguliwa, kila painti inayotoka inaiachia hewa nafasi iingie, na kuanzia hapo saa inahesabu. Lina siku tatu nzuri. Siku ya tano ladha imelala, siku ya saba ni siki. Mbege ya juzi hakuna Mchaga anayemwekea mgeni mezani, na bia hii ni ya ukoo uleule.

Pipa dogo la kawaida lina galoni 9, yaani painti 72. Mnauza painti 40 kwa siku. Mlipokuwa na pampu mbili, kila pipa lilitoa painti 20 kwa siku na kumalizika siku ya tatu au ya nne, na mwisho wa wiki hata mapema zaidi. Mlipoweka nne, kila moja inatoa 10, na pipa linakaa juma zima. Mliongeza chaguo mkapunguza ubora. Naelewa kwa nini: pampu nne zinapendeza machoni na mwakilishi wa kampuni hufurahi. Rudini kwenye mbili. Mkitaka ya tatu kwa Ijumaa na Jumamosi, ulizeni kama mnaweza kupata pipa la nusu ya hilo, la painti 36. Mabomba yasafishwe kila wiki bila kuruka. Na mteja akiirudisha bia, mhudumu asibishane wala kuionja mbele yake kwa uso wa kumshuku. Aibadilishe, kisha uende chini ukaionje wewe mwenyewe.

Hawa wa bia wana masikio marefu. Chama cha wapenzi wa bia ya pipa, CAMRA, kilianzishwa mwaka 1971 na vijana wanne waliokasirishwa na viwanda vikubwa kuiua bia hai, na leo wanachama wake wanazunguka baa hadi vijijini wakitoa alama kuanzia 0 hadi 5 kwa kila bia waliyoionja. Maoni ya mtu wa namna hiyo kuhusu bia yana uzito kuliko ya familia iliyokuja kula. Nawe ukipata malalamiko ya povu, usishangae yakipingana: kaskazini wanataka povu zito la maziwa juu ya glasi, kusini wanataka bia ijae mpaka ukingoni, na Shropshire iko katikati. Painti ni mililita 568. Mteja akisema ongeza, ongeza kwa tabasamu, ndiyo desturi.

Niongeze la pembeni kwa kuwa utaulizwa: dawa inayozamisha mashapo ya bia hizi kwa kawaida hutokana na mabondo ya samaki yaliyokaushwa, mabondo kama yale ya sangara yanayotafutwa sana Mwanza. Asiyekula kitu chochote cha mnyama atataka kujua. Muulize mtengeneza bia, uwe na jibu kaunta.

Hapo ndipo naingia kwenye karanga. Katika barua yako umelitaja kwa mstari mmoja, katikati ya mbwa na nyama. Mimi nililisoma nikasimama. Kati ya maoni yako yote 60, hilo ndilo la kushughulikia leo, kabla hujalala. "Nadhani hamna" inaweza kuua mtu. Sheria ya Uingereza inakutaka uweze kumweleza mteja kama chakula kina kimojawapo cha vitu 14 vinavyojulikana kuwadhuru watu, na karanga ni kimoja tu. Kuna ngano, maziwa, mayai, samaki, ufuta, haradali, figili ya majani wanayoiita seleri, na vingine. Mchuzi wa nyama ya Jumapili unaoongezwa unga una ngano. Vidonge vya supu mara nyingi vina seleri. Sosi ya Worcester ina samaki. Pilau yako nayo: viungo vilivyosagwa na kuchanganywa kiwandani vinaweza kuwa na haradali, soma kila pakiti. Tengeneza jedwali la kila chakula, libandike jikoni, na mhudumu asiyejua ana ruhusa ya sentensi moja tu: "Subiri, naenda kuuliza." Afisa wa afya wa halmashauri yenu atakusaidia ukimpigia simu, wala usiogope kwamba kumwita ni kujichongea. Na huyo aliyeandika mjibu hadharani kwamba alikuwa na haki, na useme mmebadilisha nini.

Nyama ya Jumapili. Saa nzima ya kusubiri haikutokana na uvivu, ila na oveni. Watu wote wa nchi hii wanataka kula saa saba mchana, na oveni yako moja inatakiwa ioke nyama kwa moto wa wastani, kisha viazi na pudini ya Yorkshire, ule mkate mwepesi wa unga, mayai na maziwa unaoliwa na nyama hiyo, kwa moto mkali wa nyuzi 220 hivi. Siri ni kuitoa nyama mapema ipumzike, oveni ibaki huru kwa viazi na pudini, na wateja kupangiwa saa za kuingia kwa mafungu, meza chache kila robo saa, badala ya wote kumiminika pamoja. Weka mizunguko miwili na uitangaze. Na ukiona jikoni kumezidiwa, mwambie mteja kabla hajalipa: "Leo ni dakika hamsini." Wengi watakaa wanywe. Mtu aliyeambiwa dakika hamsini akala baada ya arobaini na tano huondoka na furaha. Aliyeambiwa "sasa hivi" akala baada ya nusu saa huenda akaandika.

Tumefika kwenye roho ya baa.

Wewe umelisoma neno "hawa wapya" ukaona ngozi yako. Sikulaumu, na sitakudanganya kwamba haiwezekani. Mwaka wangu wa kwanza kuna mtu aliandika kwamba baa yetu "si ya Kiingereza tena", na hakuwa amekula wala kunywa chochote, alichungulia mlangoni akaniona kaunta akaondoka. Watu hao wapo. Lakini kabla ya kumweka huyu kundi hilo, rudi kwenye barua yako mwenyewe usome mlichokiondoa pale kwenye moto.

Jina la Kiingereza la baa hizi, pub, ni kifupi cha "public house", yaani nyumba ya umma. Nyumba ni ya kampuni, biashara ni yenu, lakini moyoni kijiji kinaiona ni yake, na hata sheria inalijua hilo: tangu sheria ya mwaka 2011 ya madaraka ya mitaa, wanakijiji wa England wanaweza kuomba baa yao iorodheshwe kuwa mali yenye thamani kwa jamii, na mwenye nyumba akitaka kuiuza kikundi chao kinaweza kudai muda wa miezi sita kujipanga kuinunua. Ni nadra mtu kufanya hivyo kwa mgahawa. Wanafanya kwa baa kwa sababu ndiyo baraza lao.

Fikiria sasa benchi. Mjane wa miaka sabini na tano anaingia saa kumi na moja jioni, peke yake. Kwenye benchi la zamani mbele ya moto alikaa na painti moja kwa saa mbili bila mtu kumwuliza anataka nini. Akipenda aliongea na aliyekaa kando, asipopenda aliangalia moto. Domino ilimpa sababu ya kuwa pale bila kusema "nimekuja kwa sababu nyumbani ni kimya". Leo mahali hapo pana meza yenye visu, uma na vitambaa. Meza iliyoandaliwa inamwambia: hapa ni pa wanaokula, umeshika nafasi ya watu wanne kwa painti moja. Hatakulalamikia. Atakunywa haraka akiwa amesimama, atasema kila kitu kizuri, asante, na wiki ijayo atabaki kwake. Bao na domino vya kwetu, Tanga, vina mahali pake barazani, na anayekuja kuhamisha lile jamvi ili aweke duka ataonekana mtu mbaya hata kama duka lake ni zuri na bei zake ni za haki.

Ulizia pia kama domino hiyo ilikuwa ya ligi. Vijiji vingi vina ligi za domino na vishale za majira ya baridi, timu zinatembeleana, na baa mwenyeji huwaandalia wageni sandwichi. Kama meza hiyo ilikuwa ya timu, mmepoteza jioni nzima ya watu ishirini katikati ya wiki, na wamehamia baa ya kijiji jirani bila kuwaambia.

Ushauri wangu hapa hauna mlango wa pili: rudisheni benchi na meza ya domino palepale palipokuwa, si pembeni, si chumba cha nyuma. Nimefanya hesabu kwa ajili yenu. Meza mbili za chakula mbele ya moto zinafanya kazi Jumamosi na Jumapili, pengine na Ijumaa. Siku nne nyingine ziko tupu zikiangalia moto unaochoma kuni zenu. Kama benchi lilitupwa, mwulize mzee yeyote kama kijijini kuna anayejua kulitengeneza. Kumwomba tu ni nusu ya kazi. Msitangaze mtandaoni kwa mbwembwe. Liwekeni asubuhi ya Jumanne, moto uwake.

Pilau usiiache. Nasema hivyo bila kusitasita. Baa nyingi za vijijini huku zina usiku wa vyakula vya viungo vya Kihindi na wanakijiji wanavipenda, kwa hiyo pilau ya Ijumaa haimkosei mtu, na soma tena: hakuna hata mmoja kati ya uliowataja aliyeilalamikia. Wewe ndiye unayeiogopa. Sharti langu ni kwamba nyama ya Jumapili, samaki na chipsi, na pai ya nyama visiguswe. Mtu akikuta vyake viko salama, cha mgeni anakionja kwa hiari. Siku moja watakuita kwa jina la pilau hiyo, mimi waliniita kwa maandazi yangu ya Krismasi.

Mume wako mpe salamu zangu, na umwambie hapana. Ndugu kutoka Dar kuandika nyota tano za baa ambayo hawajakanyaga ni maoni ya uongo, na tangu tarehe 6 Aprili 2025 sheria mpya ya Uingereza ya kulinda walaji inakataza waziwazi kuyaandika au kuyaagiza, na mamlaka ya ushindani na masoko ina uwezo wa kutoza faini nzito. Hata sheria isingekuwepo, nyota ishirini kwa wiki moja kutoka kwa watu wenye majina ya ukoo yanayofanana na ya mwenye baa, kijiji kizima kingezijua. Heshima mnayoijenga kaunta ingeanguka hapo. Mnaloweza kufanya kwa haki ni kumwomba kila mteja, aliyefurahi na asiyefurahi, aandike alichokiona. Kwa wastani wenu wa sasa, maoni mamoja ya nyota moja yanafutwa na maoni matatu tu ya nyota tano. Watembea kwa miguu wa Jumamosi ndio wakarimu zaidi, waombeni wao.

Kuhusu kujibu: jibu machache, kwa ufupi, mchana, ukiwa umekula. Anayelalamikia jambo la kweli mwambie ni kweli na mmefanya nini. Anayelalamikia mbwa mwambie kwa heshima kwamba mbwa wanakaribishwa kwenye chumba cha baa na kuna chumba cha chakula wasikoingia, kama kipo, na kama hakipo kitengeni. Wa roho ya baa usimjibu sasa. Benchi likisharudi, mwandikie mistari miwili: benchi limerudi mbele ya moto, domino ni Jumanne, karibu. Usitaje ulivyoumia. Kama alikuwa na maana ya benchi atakuja. Kama alikuwa na maana nyingine, kila asomaye ataona nani muungwana.

Maoni ya ubaguzi wa wazi, yanayotaja rangi au asili yenu, yapige picha na uyaripoti kwa mtandao husika yaondolewe. Yakifuatwa na vitisho, au mtu akija kuwatukana baani, pigeni polisi 101, na 999 kama hatari iko mlangoni. Msilibebe hilo kimya kimya kwa kuogopa kuonekana wakorofi. Mtu akiandika jambo la uongo linaloharibu biashara, mfano kwamba mmemtilia sumu, muone wakili mapema, kwa sababu kesi ya kashfa ina kikomo cha mwaka mmoja na lazima uonyeshe madhara makubwa. Lakini "sikuipenda" ni maoni tu, na mahakama haikusaidii.

Kuna mambo ambayo barua haitoshi. Chumba cha mapipa anahitaji kukiona mtu anayejua, mwombeni mtaalamu wa kampuni ya bia aje, mara nyingi ni bure. Kodi na masharti ya kununua bia yakiwabana, ulizeni kama kampuni yenu ina baa 500 au zaidi za namna hiyo, maana hapo mnalindwa na kanuni za baa za mwaka 2016 na kuna msimamizi wa kuwasikiliza. Shirika la Pub is The Hub huwashauri wenye baa za vijijini waliokwama, na BII, chama cha wenye baa, ina simu ya ushauri kwa wanachama wake.

Na hilo la saa nane za usiku. Ukiwa umelala vibaya kwa wiki kadhaa, chakula hakishuki, unaogopa kushuka ngazi kufungua mlango, hiyo si kazi ya maoni ya wateja tena. Muone daktari wako, na pigia Licensed Trade Charity, shirika la hisani la watu wa baa, wana laini ya msaada usiku na mchana na hawatakuhukumu. Nami nilishawahi kupiga. Simu yako iache chini kaunta saa za kulala, maoni asome mume wako asubuhi na akuletee mawili tu yenye la kufanyia kazi.

Anza na jedwali la karanga leo. Pampu mbili zifungwe mapipa yaliyofunguliwa yakiisha. Benchi Jumanne. Kisha uniandikie nani alikuja kukaa.